Mwenye Njaa Afunge Nini?

Kila mwaka Mama Kanisa atualika kuingia katika siku arobaini za Kwaresima. Jumatano ya kwanza twapakwa majivu, twakumbushwa ya kuwa sisi tu mavumbi, na Injili ya siku hiyo yatufundisha kazi tatu: kusali, kufunga, na kutoa sadaka, zote kwa siri mbele ya Baba aonaye sirini. Mafundisho haya tumeyasikia tangu utoto wetu, hata pengine masikio yameyazoea, kama yazoeavyo sauti ya mto upitao karibu na nyumba.

Lakini huku kwetu bara Kwaresima ina jambo lake. Mara nyingi yaangukia Februari na Machi, yaani miezi ile ambayo vihenge vimekwisha kuwa vitupu, na mahindi shambani bado hayajakomaa. Mwaka mmoja mvua zilichelewa sana, na katika nyumba nyingi jiko liliwashwa mara moja tu kwa siku. Jumapili moja, baada ya mafundisho, mzee mmoja alinijia, akakaa juu ya gogo, akasema: “Mwanangu mwalimu, Padre atuambia tufunge. Sisi tunakula mara moja tangu baada ya Noeli. Tajiri akifunga, huiacha nyama yake. Je, mwenye njaa afunge nini?”

Swali hili halikuwa la mzaha, wala halikuwa la mtu mvivu atafutaye udhuru. Mzee huyu hakosi Misa, na alitaka kujua kama Kwaresima ni ya wenye akiba tu. Nikamwambia, “Baba, nipe siku chache.” Kisha nikaanza kusoma tena maisha ya watakatifu, nikitafuta neno moja tu: walipofunga, walitoa nini hasa? Haya niliyoyakuta ndiyo nitakayo kuwaandikia, maana nadhani mzee huyu si peke yake katika kuuliza.

Kwanza imetupasa kuijua sheria yenyewe, kwa sababu watu wengine hujitwika mizigo ambayo Kanisa halikuwatwika. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaamuru kufunga chakula siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Nayo yawapasa watu waliotimiza miaka 18, hata waingiapo katika mwaka wao wa 60. Sheria ya kuacha nyama huanza mtu atimizapo miaka 14. Mgonjwa halazimishwi, wala mama anyonyeshaye. Tena Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake juu ya toba wa tarehe 17 Februari 1966, aliwafikiria hasa watu wa nchi maskini. Alifundisha ya kuwa wenye mali watoe ushuhuda kwa kujinyima. Bali wale waishio katika dhiki, huku wakijitahidi kwa kila njia kupata haki na maisha bora, wamtolee Mungu mateso yao katika sala, wakiyaunganisha na Msalaba wa Bwana wetu. Basi njaa ya maskini haidharauliwi mbele ya Kanisa. Walakini mzee wangu hakuuliza juu ya sheria tu. Aliuliza: mimi nami, nina kitu gani cha kumpa Mungu?

Mtakatifu wa kwanza niliyemwendea ni Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226. Nani asiyemjua kwa ukali wa kufunga kwake? Mwanzoni mwa utawa wao, yeye na ndugu zake walikaa katika kibanda kibovu mahali paitwapo Rivotorto, karibu na Asizi. Kilikuwa chembamba, hata ikambidi Fransisko kuandika majina ya ndugu katika boriti, kila mtu ajue mahali pake. Chakula chao kilikuwa kile walichoombaomba, na siku nyingine hawakupata kitu.

Usiku mmoja, wote wakiwa wamelala, ndugu mmoja alipiga kelele akisema ya kuwa anakufa. Fransisko akaamka, akataka taa iwashwe, akauliza ni nani afaye, na afa kwa nini. Yule ndugu akajibu kwamba afa kwa njaa. Je, Fransisko alimkemea? La, hasha! Alimkumbusha nadhiri zake? Hapana. Aliagiza chakula kiandaliwe saa ile ile. Na ili yule ndugu asione haya kula peke yake, Fransisko mwenyewe aliketi akala pamoja naye, akawaalika na ndugu wengine wale. Kisha akawafundisha ya kuwa miili ya watu si sawasawa: mmoja atosheka na kidogo, mwingine ahitaji zaidi, na kama iwapasavyo kujihadhari na ulafi, vivyo hivyo wajihadhari na kufunga kupita kiasi, kwa maana Bwana ataka huruma kuliko dhabihu.

Ndugu zangu, nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara naona jambo lile lile. Usiku ule Fransisko aliacha kufunga kwake, naye hakupungukiwa na utakatifu. Aliitoa ile sifa ya kuwa mfungaji mkuu, akaiweka chini ya miguu ya ndugu mwenye njaa. Yeye aliuita mwili wake Ndugu Punda, akautendea kama punda atendewavyo, kwa mizigo na chakula haba. Lakini karibu na kufa kwake alikiri ya kuwa amemkosea sana huyo Ndugu Mwili. Basi mtu asifikiri ya kuwa Mungu apendezwa na matumbo matupu kwa sababu ni matupu. Baba gani afurahi kuona wanawe wakidhoofika?

Wa pili ni Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Augustino. Huyu ni Mwafrika wa kaskazini, alizaliwa karibu na mwaka 332 katika mji wa Thagaste, ambao mahali pake pamo leo katika nchi ya Algeria. Habari zake twazipata kwa mwanawe mwenyewe katika kitabu chake cha Maungamo, naye hakuficha kitu. Asimulia ya kuwa Monika alipokuwa msichana, wazazi wake walimtuma kuteka divai katika pipa. Naye alionja kidogo, kwa utundu wa kitoto tu, mwisho wa ulimi. Kesho yake akaongeza kidogo, na siku ya tatu kidogo tena, hata akafika kunywa karibu kikombe kizima. Haba na haba hujaza kibaba. Nayo mazoea mabaya huja kwa njia hiyo hiyo. Siku moja mjakazi aliyekuwa akienda naye aligombana naye, akamtukana, akamwita mlevi. Neno lile lilimchoma Monika moyoni. Akaiona aibu ya jambo lile, akaliacha papo hapo.

Twaona hapa ya kuwa watakatifu hawakuzaliwa wakiwa sanamu za kanisani. Huyu mama tumwombaye alikuwa na kikombe chake cha siri. Wako miongoni mwetu wasemao hawana cha kufunga, na huku chungu cha pombe chajulikana njia ya kwenda kwake hata katika mwaka wa njaa. Simhukumu mtu. Nasema tu ya kuwa mtama uliotiwa katika pombe ulikuwa ugali wa watoto.

Lakini kilichonigusa zaidi katika maisha ya Monika ni ulimi wake. Mumewe, Patrisio, alikuwa mtu wa hasira kali. Monika hakushindana naye akiwa amewaka. Alingoja mpaka atulie, ndipo alipomweleza jambo lake. Tena, wanawake wawili walipogombana, na kila mmoja akamjia Monika na maneno machungu juu ya mwenzake, yeye hakuyachukua maneno hayo kwenda nayo upande wa pili. Alichukua yale tu yawezayo kuwapatanisha. Augustino asema hili lingeonekana jambo dogo, kama yeye asingaliwaona watu wasiohesabika wanaopeleka maneno ya adui kwa adui, na kuyaongeza ambayo hayakusemwa.

Lugha yetu yatusaidia kulifahamu fundisho hili. Neno kufunga ni lile lile tulitumialo kwa mlango. Mtu aweza kulifunga tumbo lake siku arobaini na kuuacha mlango wa kinywa wazi usiku na mchana, wakipita humo majina ya watu wote wa kijiji. Ulimi hauna mfupa, nao washiba hata mwenyewe akilala njaa. Basi hapa tajiri na maskini wako sawa: kila mtu anao ulimi wa kuufunga.

Monika alisali kwa ajili ya mwanawe miaka mingi, akalia machozi mengi, na mwana akawa mbali na imani. Lakini mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka 387 Augustino alikuwamo Milano pamoja na wakatekumeni waliotoa majina yao ili wabatizwe, na usiku wa Pasaka akabatizwa na Askofu Ambrosio. Mwaka ule ule mama alikufa huko Ostia, akiwa katika mwaka wake wa 56. Hii nayo yatukumbusha ya kuwa Kwaresima tangu kale ilikuwa safari ya wakatekumeni kwenda katika maji ya ubatizo. Mzazi aliaye leo kwa ajili ya mtoto aliyepotelea mjini asikate tamaa. Machozi ya sala ni sadaka ambayo njaa haiwezi kuimaliza.

Wa tatu ni Teresia wa Mtoto Yesu. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, akaingia katika monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux akiwa na miaka 15, akafa kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24 tu. Hakujenga shule, hakuhubiri kwa makutano. Hata hivyo mwaka 1925 alitangazwa kuwa mtakatifu, na mwaka 1927 akawekwa kuwa msimamizi wa misioni zote pamoja na Mtakatifu Fransisko Xaveri. Kwa nini? Kwa sababu aliitafuta njia ndogo, yaani kumpa Mungu vitu vidogo kwa mapendo makubwa.

Yeye mwenyewe ameandika habari za kufua nguo. Sista mmoja aliyesimama mbele yake, kila alipoinua vitambaa alimrushia usoni maji machafu. Teresia alitaka kurudi nyuma na kujipangusa uso, ili yule mwenzake afahamu. Kisha akawaza: kwa nini niikatae hazina niliyopewa bure? Akatulia, akayapokea maji yale kwa furaha. Mama zetu wafuao mtoni walicheka sana nilipowasomea habari hii. Mmoja akasema, “Kumbe hata Ulaya wako!” Kisha wakanyamaza kidogo, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kumkumbuka mtu wake.

Na yako mengine. Mwaka 1896 Teresia aliishika Kwaresima yote kwa ukali wake, akijiona mwenye nguvu. Usiku wa Alhamisi Kuu kuamkia Ijumaa Kuu, mara tu alipolala, alisikia kitu kikipanda kama kijito kutoka kifuani hata midomoni. Taa alikuwa amekwisha kuizima. Alidhani huenda ikawa ni damu, naye angaliweza kuiwasha taa atazame. Hakuiwasha. Alijinyima ile haja ya kujua, akalala. Na asubuhi, dirishani, akaona ya kuwa kweli ilikuwa damu. Ndipo alipojua kwamba Bwana Arusi wake amwita. Fikirini, wasomaji: alikuwa na mfungo mmoja zaidi kuliko mfungo wa chakula, nao ulikuwa kuiacha taa bila kuiwasha.

Lakini mzee wangu angaliweza kuniambia: “Fransisko alikuwa mwana wa mfanyabiashara wa nguo, akachagua umaskini. Teresia alikuwa na paa juu ya kichwa chake. Nipe mtu aliyenyang’anywa vyote, asiyechagua neno lo lote.” Basi yuko, naye ni wa bara letu.

Mtakatifu Yosefina Bakhita alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, Sudani. Alipokuwa bado mtoto mdogo, wafanyaji wa biashara ya watumwa walimwiba. Kwa hofu akalisahau hata jina alilopewa na wazazi wake, na hao wezi ndio waliomwita Bakhita, maana yake mwenye bahati. Neno hilo la Kiarabu ndilo lililotupa sisi neno letu bahati. Basi tunalisikia vizuri dhihaka lililokuwa nalo. Aliuzwa na kununuliwa mara kadha wa kadha. Bwana mmoja alikuwa ofisa wa Kituruki. Katika nyumba ile alichanjwa kwa wembe majeraha 114, na chumvi ikatiwa ndani ya majeraha ili alama zisifutike. Babu zetu wa pwani na wa bara waliijua biashara hii; wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watumwa, na vijiji vya Kikristo vya kwanza vikakusanya watu wa namna ya Bakhita.

Mwaka 1883, huko Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, mjumbe wa serikali ya Italia, aliyemtendea kwa wema, na mwaka 1885 akaenda naye Italia. Huko alipewa kazi ya kulea mtoto katika nyumba nyingine. Kisha akawekwa kwa muda kwa Masista Wakanosa wa Venezia, na hapo akamjua Yule ambaye, kama alivyosema, alimhisi moyoni tangu utoto, alipolitazama jua na mwezi na nyota na kujiuliza ni nani mwenye vitu hivi vizuri. Bibi wake alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa kuondoka. Shauri likapelekwa mbele ya wenye amri, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa ya kuwa yeye ni mtu huru, kwa sababu utumwa haukubaliwi katika sheria ya Italia. Akabatizwa tarehe 9 Januari 1890. Baadaye akawa sista. Na mjini Schio, kwa miaka mingi, alipika, alishona, alitunza vyombo vya kanisa, akawa bawabu afunguaye mlango. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Mtu huyu alikuwa na nini cha kumpa Mungu? Wazazi alinyang’anywa, jina alinyang’anywa, ngozi yake mwenyewe iliandikwa na wembe wa watu wengine. Kitu kimoja tu hawakuweza kumnyang’anya: deni. Wale watu walikuwa na deni kwake, kubwa kupita kiasi, na hakuna mahakama duniani ambayo ingemlaumu kwa kulishika mpaka kufa. Alilitoa hilo. Alisema ya kuwa kama angekutana na wale waliomwiba na kumtesa, angepiga magoti na kuibusu mikono yao.

Jioni nilipowasomea jirani zangu habari hii, walikuwamo wanawake wawili, mawifi, ambao kwa masika mawili hawakuteka maji pamoja kwa sababu ya maneno yaliyosemwa msibani. Mmoja alikuwa amedhulumiwa kweli. Kijiji kizima chajua. Hakusema neno usiku ule. Siku ya nne nilimwona akipita mbele ya shule na mtungi kichwani, naye hakwenda njia yake ya siku zote, bali ile ipitayo uani kwa wifi yake. Sijui walisemezana nini. Walirudi pamoja. Na mwaka ule, wapenzi, katika nyumba zile mbili hamkuwa na unga wa kutosha kibaba. Nani atasema ya kuwa mama yule hakufunga?

Hili basi ndilo jibu nililompelekea yule mzee. Njaa ituijiayo bila kuitaka bado si mfungo. Ni msalaba, nao waweza kutolewa kwa Mungu, na tena ni haki yetu kuutafutia dawa kwa jembe na kwa shauri jema. Mfungo ni kile mtu akitoacho kwa hiari katika vitu alivyobakiwa navyo. Na watakatifu wote hawa watuonyesha ya kuwa hakuna aliyebakiwa na kitu kabisa kabisa: mmoja alitoa sifa yake, mwingine kikombe na ulimi, mwingine haja ya kuwasha taa, mwingine deni la machozi yake. Wahenga walikwisha kusema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Basi mwenye akiba mwaka huu asijivunie kuacha nyama, kama ile nyama aliyoiacha yalala katika nyumba yake hata Pasaka. Aipeleke kwa jirani, na aipeleke usiku, kusudi mpokeaji asione haya, kama Fransisko alivyofanya. Asiye na akiba asione huzuni. Achague kitu kimoja, kidogo, cha kweli, ambacho Mungu peke yake atakijua: neno asilolirudisha, kikao cha masengenyo asichokikalia, mtu asiyesalimiwa amsalimu kwanza. Mwenye watoto awasomee usiku maisha ya mtakatifu mmoja, ukurasa mmoja tu, maana watoto hukumbuka yule aliyerushiwa maji ya kufulia kuliko mafundisho yetu marefu.

Mungu atujalie sote kuifikia Pasaka tukiwa na mikono mitupu kwa sababu tumetoa, wala si kwa sababu tumenyang’anywa tu. Watakatifu Fransisko, Monika, Teresia na Bakhita, mtuombee.